Hotuba ya Kuzima na Kuwasha Seva ya Ras Zitouna

Mheshimiwa Wali wa mkoa wetu, ambaye shughuli nzito za taifa zimemzuia kufika na badala yake ametutumia dereva wake, Bwana Chedly, au Si Chedly kama tunavyosema hapa kwetu, tunayemwona pale mstari wa mbele na funguo za gari mkononi, Mheshimiwa Omda wa mtaa wetu, Mheshimiwa Imamu wa Msikiti Mkuu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Klabu ya Mpira ya Ras Zitouna, iliyoshuka daraja kwa heshima kubwa, Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto, aliyekuja na gari lake kwa sababu mwaliko wetu ulichapwa kwa herufi nyekundu, wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, na wasaidizi wa wasaidizi, wananchi wapenzi mliokuja kwa hiari yenu baada ya kukuta madirisha ya huduma yamefungwa na kuambiwa kwamba keki za makroudh zinagawiwa huku: assalamu alaykum!

(Makofi. Si Chedly anatazama saa.)

Niruhusuni mimi, Taoufik Boughattas, Mkurugenzi wa Kumbukumbu za Vizazi, Ndoa na Vifo wa manispaa hii kwa mwaka wa kumi na nne mfululizo, nianze kwa kusema kwamba hotuba hii sijaisoma. Ndiyo, sijaisoma! Mnanijua. Kiongozi anayeipitia hotuba yake kabla ya kuisoma ni kiongozi anayejitilia shaka. Hii imeandikwa na katibu wangu, Si Lotfi, na imechapwa na fundi wetu wa seva, Bi Radhia Souilem, kwa kuwa printa yake ndiyo pekee katika jengo zima yenye wino, jambo ambalo tayari tumeliundia kamati.

Leo tunasherehekea kukamilika, kwa asilimia mia moja na nne, kwa Projekti ya Kistratejia ya Ukaguzi Shirikishi wa Maeneo ya Kuwashia katika Diski Pacha za Seva Kuu. Nikisema "Ukaguzi", nyinyi semeni "Umekamilika". Ukaguzi!

(Wakuu wa idara: "Umekamilika!" Sauti kutoka nyuma: "Makroudh!")

Nimekutambua, Si Lamine. Huyu bwana anauza supu ya lablabi mbele ya ofisi yetu, kwa hiyo anajiona mfanyakazi wa idara. Karibu, lakini subiri kama wenzako.

Sasa, kwa manufaa ya wale wasio na elimu ya mambo haya, yaani nyinyi, nitaeleza. Lile kabati jeusi mnaloliona nyuma ya kioo, lililopambwa kwa taa za kijani, ndilo seva yetu, yenye sistimu ya Unix, na ndani yake mna majina laki mbili na elfu kumi na tatu: kila aliyezaliwa, aliyeoa, aliyeolewa na aliyekufa Ras Zitouna tangu enzi za babu zetu. Yale madaftari ya zamani, yenye vumbi na mende, hatunayo tena. Mwaka jana, katika utekelezaji wa sera ya kuhamia dijitali, tuliyapeleka kiwandani yakageuzwa trei za mayai.

(Mama mmoja mstari wa tatu: "Yarabi! Na jina la baba yangu lilikuwamo humo!")

Limo humu, mama yangu, limo kwenye mashine, limetulia kuliko lilivyowahi kutulia. Na mashine hii, wananchi, haijazimwa kwa siku elfu tatu mia tatu na kumi na nane! Miaka tisa na ushei! Ofisi nyingine zinazima mashine zao ovyo, leo hivi, kesho vile. Sisi kila mwaka tunaisherehekea siku iliyowashwa, tunaiwekea sahani ya makroudh juu ya kabati, na mimi binafsi nakata utepe. Tuna utepe wa miaka yote tisa. Hii ndiyo menejimenti.

(Makofi. Mkuu wa Zimamoto anauliza jirani yake kama kuna moto au hakuna.)

Niweke karatasi kando kidogo niseme kutoka moyoni. Yupo mwenzetu asiyelala kwa hofu. Simtaji jina. Amekaa pale nyuma karibu na mlango, amevaa koti la kijivu, ndiye aliyechapa hotuba hii. Bi Radhia ameniandikia barua kumi na moja. Kumi na moja! Anasema, nanukuu kwa jinsi nilivyosimuliwa, kwamba diski zile ni mbili, moja ikifa nyingine inaendelea, hilo zuri. Lakini anadai kwamba mwanzoni mwa kila diski mna kieneo kidogo ambamo mashine inasoma jinsi ya kuamka, na kwamba diski moja inapoiga nyingine inaiga kila kitu isipokuwa kieneo hicho, ambacho lazima fundi akiandike mwenyewe, kisha akikague kwa macho yake. Anasema diski ya kwanza ilikufa miaka minne iliyopita ikabadilishwa mashine ikiwa hai, ya pili ikafa mwaka jana nayo ikabadilishwa mashine ikiwa hai, na hakuna aliyeandika chochote mwanzoni mwa hizo mpya. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Bi Radhia, mashine yetu inaenda kwa yale iliyoyasoma siku ilipowashwa tu, kama mtu aliyeingia nyumbani na ufunguo ukakatikia mlangoni: akitoka, harudi ndani.

(Si Lamine: "Sasa si umpe nafasi aandike, Si Taoufik?")

Nafasi! Ameomba saa moja na saini yangu. Mnajua saini yangu inapitia wapi? Inapitia Kamati ya Ukaguzi. Na Kamati ya Ukaguzi imekutana mara kumi na saba, imefanya warsha tatu, mojawapo Hammamet kando ya bahari ili wajumbe wafikiri vizuri, imeandika ripoti ya kurasa themanini na mbili, na imehitimisha kwamba kila kitu ni safi kabisa. Sasa nimwamini nani: kurasa themanini na mbili, au mwanamke mmoja mwenye bisibisi?

Kuhusu nakala za akiba kwenye kanda, ndiyo, mashine ya kanda imeharibika, ombi la kuitengeneza lina miaka miwili tu, tusiwe na papara.

Na ili kumaliza uvumi huu mbele ya umma na mbele ya dereva wa Mheshimiwa Wali, leo, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kitufe hiki chekundu kilichoviringishwa utepe, nitaizima seva. Kisha nitahesabu hadi kumi. Kisha nitaiwasha!

(Minong'ono. Mama wa mstari wa tatu anasimama. Ni Lella Mbarka, mfumaji wa mazulia wa mtaa wa El Hara.)

Ndiyo, mama yangu mpenzi, kwa kifupi.

("Si Taoufik, Mungu akuweke. Mwanangu Emna anaandikishwa ndoa Alhamisi. Jamaa za bwana harusi wanatoka Sfax na basi zima. Mwandishi wa ndoa hataki maneno, anataka cheti cha kuzaliwa. Nimekuja Jumatatu mkasema mnapaka rangi, nimekuja jana mkasema mnapima kipaza sauti. Nitolee karatasi ya mwanangu kwanza, dakika mbili tu, halafu zima, washa, cheza nayo upendavyo.")

Mama, huduma zimesitishwa kwa ajili ya sherehe ya kuboresha huduma. Kaa kitako.

("Nakaa vipi? Na isipowaka?")

Itawaka.

("Na isipowaka, Si Taoufik, mwanangu alizaliwa na nani? Nimwambie mwandishi akamuulize kuku kwenye trei ya mayai?")

(Kicheko kikubwa. Lella Mbarka hacheki.)

Utulivu, tafadhali! Hofu ya wananchi ni changamoto, na changamoto ni fursa. Bi Radhia, naona hata hujasimama kupinga. Umekunja mikono yako mapajani kama mgeni. Vizuri. Hatimaye umeelewa. Bismillahi!

(Anabonyeza. Taa za kijani zinazimika. Mvumo uliokuwa ukisikika nyuma ya kioo unafifia, unafifia, unakatika. Mhasibu wa idara anafumba macho.)

Moja. Mbili. Tatu. Mnaona utulivu? Nne. Tano. Si Lotfi, mbona unatokwa jasho? Sita. Saba.

(Lella Mbarka anasema kwa sauti ya chini, lakini ukumbi mzima unamsikia: "Emna wangu.")

Nane. Tisa. Kumi! Na sasa!

(Anabonyeza. Taa za kijani zinawaka zote mara moja. Mvumo unarudi. Ukumbi unalipuka kwa vifijo, wanawake wanapiga vigelegele, Mwenyekiti wa Klabu anamkumbatia Mkuu wa Zimamoto. Lella Mbarka anajifuta machozi kwa ncha ya shuka lake la safsari.)

Imewaka! Iko wapi ile hofu? Ziko wapi barua kumi na moja? Imewaka kwa kufumba na kufumbua, jambo linaloonyesha kwamba uongozi bora huwafikia hata wasio na masikio! Ukaguzi!

("Umekamilika!" Safari hii hata Si Lamine anaitikia.)

Nataka kuwaahidi kwamba mwakani tutakagua diski nne, mwaka unaofuata nane, hata kama hatutakuwa nazo. Ifikapo mwisho wa muhula wangu, kila kaya ya Ras Zitouna itakuwa na eneo lake la kuwashia. Sasa nirudi kwenye karatasi, ukurasa wa mwisho, shukrani, ambazo nitazisoma kwa sauti ya juu kwa kuwa naona vipaza sauti vimechoka.

Kwanza, namshukuru katibu wangu, Si Lotfi, aliyeandika ripoti ya kurasa themanini na mbili bila kuingia chumba cha mashine hata mara moja, kwa kuwa ufunguo anao Bi Radhia na Si Lotfi hajawahi kumwomba.

(Kicheko. Mkurugenzi anainua mkono kukipokea.)

Asanteni. Namshukuru mchapaji wa vyeti mia tatu vya kukamilisha projekti, aliyevileta wiki mbili kabla projekti haijazinduliwa. Asanteni, asanteni. Nawashukuru wajumbe wenzangu wa Kamati ya Ukaguzi, yaani mimi, Si Lotfi na Si Béchir, ambaye amesaini mahudhurio ya mikutano yote kumi na saba ingawa cheti chake cha kifo, namba elfu nne na sita, kimo katika seva hii tangu miaka mitatu iliyopita.

(Kicheko kinatikisa viti. Imamu anainamisha kichwa. Si Lotfi anasogea kuelekea mlangoni. Bi Radhia ameshasimama hapo.)

Naona mmefurahi, nami nafurahi. Mwisho namshukuru Bi Radhia Souilem, ambaye jana mchana, aliposikia kwamba nitaizima mashine hadharani, aliuchomoa waya wa kitufe chekundu na kuufunga kwenye feni na taa za mapambo. Kwa hiyo kilichozimwa na kuwashwa leo kwa mkono wangu ni feni, na seva haikuguswa, kwani diski hazijakaguliwa hata moja, maeneo ya kuwashia hayajaandikwa, na projekti tunayoisherehekea haijawahi kuwapo, isipokuwa warsha ya Hamma... ya Hamma...

(Anakwama. Anageuza karatasi. Nyuma ni nyeupe.)

Hii... ukurasa huu nani...

("Soma, Si Taoufik!" anapaza sauti Si Lamine. "Maliza ukurasa! Kiongozi hajitilii shaka!" Ukumbi: "Soma! Soma!")

...kwa sababu hiyo, mbele ya... mbele ya mashahidi hawa wote, mimi, Taoufik Boughattas, ninamruhusu Bi Radhia saa moja, leo hii hii.

(Kipaza sauti bado kiko wazi, na kila mtu anasikia anachomnong'oneza fundi.)

Radhia. Je, ningebonyeza kile cha kweli?

("Ingelala, isingeamka. Vitu vingekuwa ndani yake na hakuna ambaye angevifikia bila mtaalamu kutoka mbali na majuma ya kusubiri, kama vingepatikana. Emna asingekuwa na karatasi. Lella Mbarka asingekuwa nayo. Wewe pia, Si Taoufik. Nimekutafuta humo: umezaliwa tarehe kumi na tisa Machi, jina la mama yako ni Zohra. Haliko mahali pengine popote duniani.")

(Mkurugenzi anageukia lile kabati jeusi.)

Zohra, ndiyo. Alikuwa akifuma, kama wewe, Lella Mbarka. Nani ana kalamu?

(Kalamu ishirini zinainuliwa. Anachukua ya Si Lamine, yenye harufu ya bizari, anasaini ukurasa ule.)

Saa moja. Isizidi.

("Dakika ishirini zinatosha. Kumi za kuandika, kumi za kukagua. Lakini kwanza, dakika mbili, namtolea Lella Mbarka cheti chake.")

(Lella Mbarka anapiga kigelegele kinachofika hadi kwenye gari la zimamoto huko nje.)

Wananchi wapenzi, nawashukuru kwa kunisikiliza. Asiguse mtu kitufe hiki. Si Chedly, mfikishie Mheshimiwa Wali salamu zangu, na ukipenda usimfikishie kitu kingine. Makroudh ziko mezani kushoto. Na sasa, kama ilivyo desturi yetu, tumalize pamoja: Ukaguzi!

(Ukumbi mzima, kwa sauti moja: "Unaanza!")