Rangi ya Profesa Osewe

Osewe aliingia kwenye kongamano la kitaifa la teknolojia ya malighafi mpya kwa njia wanayoingilia wengi: alifuata harufu ya sambusa. Mezani palikuwa na beji ya msomi ambaye hakutokea. Osewe akaivaa, maana elimu ni bahari, na yeye hakuona sababu ya kubaki ufuoni.

Alisikiliza mada moja tu, kati ya sahani ya pili na ya tatu. Mtaalamu mmoja alieleza habari za rangi ya nano: ukiipaka kwenye bati, joto halipenyi, kutu haishiki, mvua inateleza. Siri yake ni chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Osewe akaacha kutafuna. Bidhaa isiyoonekana! Maisha yake yote alikuwa akiitafuta.

Wiki haikuisha kabla hajafika mtaa wa Laini Saba, beji kifuani, na debe la chokaa iliyotiwa bluu ya kufulia. Mama Hadia, mjane wa Kinubi mwenye vyumba vya kupangisha kando ya reli, alimpokea kwa heshima zote. Profesa hakutaka pesa. Alitaka vyumba viwili tu vya utafiti. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Kule Kawangware alikopanga, kila mlango ulipogongwa kwa ajili ya kodi alijifanya hayupo, mpaka mwenye nyumba akaweka kufuli lake. Alitamani, japo mara moja, yeye ndiye awe mgongaji anayedai kodi.

"Profesa, hii rangi mvua itaitoa ama?" Mama Hadia aliuliza.

"Mathe, hii hata gharika ya Nuhu haiwezi toa."

Mama akabaki na debe la majaribio. Kesho yake Osewe alikuta vyumba viwili vya mwisho vimeshapakwa ukuta unaotazama reli, unang'aa. Mama aliisifu sayansi kwa moyo wote, akasema vyumba hivyo hivyo ndivyo atakavyompa, kwa kubadilishana na pipa zima la rangi. Wazee wawili wakashuhudia, kahawa ya tangawizi ikanywewa, funguo zikatolewa. Osewe aliondoka akimhurumia. Mwanamke mzima, na hajui hata kuuliza cheti.

Kisha mvua ikanyesha. Chokaa yote ikaingia mtaroni, na ukutani ikajitokeza X kubwa nyekundu, ya rangi halisi ya mafuta. Watu wa reli walikuwa wameichora mwezi uliopita, na Laini Saba nzima ilijua maana yake: nyumba hiyo inabomolewa.

Osewe alimkimbilia Mama Hadia akiwa amelowa chepechepe, akalalamika ametapeliwa, akaapa kuwaita wale wazee.

"Waite tu," Mama alisema, akimimina chai. "Waambie umeona X. Watakuuliza rangi imeenda wapi."

Osewe akaifunika beji kwa kiganja.

"Mimi niliamini rangi yako, Profesa. Kama ingekuwa ya ukweli, hiyo X ungeionea wapi?"

Alilala humo humo, kwani Kawangware kufuli lilikuwa bado mlangoni. Asubuhi mlango ukagongwa, naye kwa mazoea akanyamaza, akajifanya hayupo. Nje, dereva wa tingatinga alisubiri kidogo, akasema vizuri, hakuna mtu, akawasha injini.

Profesa alitoka kupitia dirisha.