Bibi, Bi Jaha na Bima ya Ujerumani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Uyole. Baridi kali. Majani ya viazi vya jirani yameungua usiku mmoja. Likizo imeanza vibaya.

Mama amepiga simu kutoka Ujerumani. Atafanyiwa upasuaji wa mgongo tarehe 25 Agosti. Baada ya hapo wiki sita haruhusiwi kuinama wala kubeba kitu. Kazi yake huko ni kuwaogesha wazee wa watu. Sasa yeye mwenyewe hana wa kumwogesha. Hakulia. Alisema tu kwamba angependa kuwa na mtu wa kumpikia uji na kumwita jina lake sawasawa. Kisha akasema mtandao unasumbua, akakata. Mtandao haukuwa unasumbua.

Bibi akatangaza kwamba atakwenda yeye. Hajawahi kupanda ndege, lakini anasema ndege ni ya kukaa tu, hawakupi usukani. Mimi nitamsindikiza, maana vibao vya uwanja wa ndege vimeandikwa kwa lugha asizozijua. Sijamwona Mama kwa miaka sita. Nilikuwa darasa la nne. Sasa niko kidato cha tatu na viatu vyangu ni vikubwa kuliko vyake.

Kazi niliyopewa ni bima. Mama alisema ubalozi hautoi viza bila bima ya afya ya safari, ya kulipa kuanzia euro elfu thelathini. Nikamwambia aniachie mimi. Nina A ya Uraia na B ya Hisabati. Bima itanishinda?

Jumanne, 10 Juni

Imenishinda.

Nimejaza fomu kwenye simu tangu asubuhi. Kitambulisho cha Bibi kinasema amezaliwa 1 Julai 1944. Kampuni ya kwanza: nilipoandika mwaka, kisanduku kikawa chekundu. Mwisho wao ni miaka themanini. Kampuni ya pili: chekundu. Ya tatu wanapokea hata mtu wa miaka tisini, lakini ukishavuka themanini hawalipi zaidi ya euro elfu kumi na tano. Ubalozi unataka thelathini.

Nikawaandikia kuuliza kama naweza kununua bima mbili za kumi na tano nikazijumlisha. Hesabu ni sahihi kabisa. Hawajajibu.

Jumatano, 11 Juni

Tumekwenda mjini kwa Kaka Sahil, wakala wa bima. Ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa la baba yake. Mpole sana. Alimpa Bibi chai ya tangawizi na akamsomea mambo yanayolipiwa: kulazwa, dawa, jino likiuma ghafla, kurejesha mwili nyumbani. Bibi akauliza mwili wa nani. Kaka Sahil akasema Mungu apishe mbali, ni wa yeyote. Bibi akauliza kama ni wa yeyote, kwa nini umeandikwa kwenye karatasi yake. Akafunga mkoba wake.

Tulipomtuliza, Kaka Sahil akauliza kama huo mwaka 1944 una uhakika. Hapo ndipo Bibi akasema jambo ambalo sikulijua. Hajui alizaliwa lini. Siku ya kuandikishwa kitambulisho alipiga simu Iringa kuulizia wifi yake, Bi Jaha, ameandikisha mwaka gani. Akaambiwa 1945. Akamwambia mwandikishaji aandike 1944.

Kaka Sahil akaweka kalamu chini. Akasema basi kuna njia. Ndugu anayemzidi Bibi umri, aliyemjua tangu utotoni, aape mbele ya wakili kwamba Bibi ni mdogo kuliko ilivyoandikwa. Kwa kiapo hicho kitambulisho kitarekebishwa, pasipoti ifuate, kisha bima.

Bibi akasema ndugu wote waliomzidi wamekufa.

Nikasema isipokuwa Bi Jaha.

Bibi akasema ameshasema wote wamekufa.

Alhamisi, 12 Juni

Bi Jaha hajafa. Yuko Iringa, ana afya njema na ulimi mzima. Ni dada yake marehemu babu yangu Abdulkarim, kwa hiyo ni wifi yake Bibi. Walikua mtaa mmoja. Tangu Bibi alipoolewa, miaka hamsini na miwili iliyopita, kila mmoja anasema yeye ndiye mkubwa na anangoja shikamoo ya mwenzake. Hakuna aliyeitoa. Wakikutana msibani wanaulizana habari huku kila mmoja akitazama ukuta. Bi Jaha husema alimbeba Bibi mgongoni. Bibi husema mgongo wa Jaha haujawahi kubeba hata kanga. Bi Jaha alipokwenda Hija na kuwa Hajjat, Bibi aliumwa siku tatu.

Nikampigia kwa siri. Nilimweleza yote, Mama, mgongo, bima. Alisikitika kweli. Akasema ataapa. Sharti moja: wifi yake ampe shikamoo kwanza. Mtu hawezi kumwapia kuwa mdogo mtu ambaye hajakiri kuwa mdogo.

Nikamfikishia Bibi. Akasema afadhali aende Ujerumani kwa miguu.

Ijumaa, 13 Juni

Nina mpango!

Duniani amebaki mtu mmoja tu ambaye Bibi humpa shikamoo: Mzee Mrisho, fundi cherehani mstaafu, mwenye zaidi ya miaka tisini. Humtembelea kila Ijumaa. Leo nimemsindikiza. Simu ilikuwa ndani ya ushungi, inarekodi.

Nimeipata. Bibi alisema, Shikamoo, Mzee Mrisho. Nyumbani nikakata hayo majina mawili. Ilibaki shikamoo tupu, nzuri, ya unyenyekevu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuwa shajara ni mahali pa ukweli. Naandika basi: si uongo. Hiyo ni sauti ya Bibi. Bi Jaha ni wifi yake. Nimeviweka pamoja tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemtumia asubuhi, na maneno machache: Kutoka kwa wifi yako. Alama mbili za buluu zikatokea. Amesikiliza. Hakujibu. Saa tisa, kimya. Jioni, kimya. Nje ukungu umeshuka hadi kwenye mabati na Bibi anachagua kanga za kumpelekea Mama. Ametenga nne. Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 15 Juni

Msiba.

Saa nne na nusu asubuhi, simu. Bi Jaha anapiga kelele kushinda injini ya basi. Yuko Igawa, ananunua mchele. Anakuja. Shikamoo ya miaka hamsini na miwili, alisema, haiitikiwi kwa simu. Inaitikiwa kwa kinywa, ana kwa ana.

Nilikuwa na kama saa mbili na mipango mitatu. Kwanza, kumpeleka Bibi sokoni. Akakataa, magoti. Pili, kumwomba asiseme neno mgeni akifika. Akauliza mgeni gani. Tatu, dua. Nilikuwa katikati ya huo wa tatu mlango ulipogongwa.

Bi Jaha aliingia na mchele kilo tano na machozi machoni. Akatua mchele. Akapanua mikono. Akasema kwa sauti ya kufika mjini: Marahaba!

Bibi alikuwa anachambua maharage. Akageuka nyuma kuangalia ni nani aliyesalimia. Hapakuwa na mtu. Akauliza marahaba hiyo ni ya nani. Bi Jaha akasema ni yako wifi yangu, nimeipokea kwa mikono miwili. Bibi akasema hajatuma kitu. Bi Jaha akatoa simu. Sauti ya Bibi ikajaa sebule: Shikamoo. Na kwa kuwa sikukata vizuri, nyuma yake kikaja kikohozi cha Mzee Mrisho. Kikohozi kile Uyole nzima inakijua.

Wote wawili wakanigeukia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona wamekubaliana.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepewa gunia zima la maharage nichambue peke yangu.

Bi Jaha hataki kuondoka. Anasema marahaba ikishatoka hairudi mdomoni. Lazima ipate shikamoo yake, ama atakaa hapa hadi Kiyama. Bibi anasema nyumba ni ya marehemu kaka yake, akae. Hawasemeshani. Wanapitia kwangu. Mwambie mgeni wako chai iko mezani. Mwambie mwenye nyumba nimefunga, leo Jumatatu. Mwambie mgeni wako angesema mapema, sukari si ya kumwaga. Wakati wote huo wamekaa kiti kimoja kirefu, nafasi ya mtu mmoja katikati, na mtu huyo ni mimi.

Alasiri Mama akapiga, simu ya picha. Amekonda. Anatembelea magongo mawili. Alipowaona wazee wake wote wawili kwenye kiti kimoja alisogeza uso karibu na simu. Akauliza kama wamepatana. Akauliza kama ni kwa ajili yake. Kisha akalia, huyu Mama ambaye halii, akasema sasa hata wakimpasua vipande hajali.

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Bi Jaha alitazama ukuta wa kulia, Bibi wa kushoto.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi, bombani. Maji yalikuwa baridi kama ya kuadhibia watu. Bi Jaha anatawadha, Bibi akatoka na ndoo yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na maharage yangu. Bibi akasimama. Akasema shikamoo. Sauti ndogo sana, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hatakinunua.

Nilingoja marahaba. Haikuja. Bi Jaha alisema tu, wifi. Akaingia ndani na kusema kichwa kinamuuma. Siku nzima hakula.

Nadhani ni furaha. Nimempigia Kaka Sahil. Wakili ni keshokutwa.

Alhamisi, 19 Juni

Wakili Sifaeli ana ofisi ndogo na sauti ya taratibu. Aliweka msahafu juu ya kitambaa cheupe. Bi Jaha akaweka mkono. Wakili akamwongoza: mimi, Mwislamu, mkazi wa Iringa, naapa kwamba namfahamu mama huyu tangu kuzaliwa kwake, na kwamba ni mdogo kwangu kwa umri.

Bi Jaha akaondoa mkono.

Akasema hawezi. Akasema maneno ya barazani ni kitu kimoja na msahafu ni kitu kingine, na yeye ameigusa Kaaba. Ukweli ni kwamba alipoanza kupata akili, wifi yake alikuwa tayari anateka maji kwa ndoo ya kichwani. Aliyebebwa mgongoni ni yeye Jaha. Anaukumbuka hata mgongo wenyewe. Alianza mzaha siku ya harusi ya kaka yake, wivu tu, kisha akaona haya kuuacha. Na juzi bombani, alipopewa shikamoo isiyo yake, hajalala tangu siku ile.

Akainuka kwa magoti yake mabovu. Akainama mbele ya Bibi. Shikamoo, wifi.

Bibi akageukia dirishani. Wakili alikuwa ameshika kalamu hewani. Niliomba kimoyomoyo asiitikie, kana kwamba asipoitikia angebaki mdogo.

Marahaba, Bibi akasema.

Ameshinda. Miaka hamsini na miwili, ameshinda, na akalia kama mtu aliyefiwa. Wakili akauliza kwa upole sasa aandike mwaka gani.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia Mama kumwambia Bibi hatakuja. Akasema si kitu, kuna mwenzake kazini atampitia mara mbili kwa wiki. Mwenzake huyo humwita kwa jina ambalo si lake. Akaniuliza kama nalia. Safari hii mimi ndiye niliyesema mtandao unasumbua.

Bibi na Bi Jaha wamekaa uani kwenye mkeka mmoja, miguu wameinyoosha juani. Bi Jaha anampa shikamoo kila anaporudi, hata akitoka chooni. Bibi anasema haina ladha aliyoitarajia. Ni kama chai iliyosahauliwa sukari.

Kanga nne bado ziko juu ya kitanda.

Jumapili, 22 Juni

Bi Jaha anafunga mkoba, kesho anarudi Iringa. Nilikuwa namsaidia. Pasipoti yake ya Hija ikaanguka. Nikaiokota. Nikaifungua, kwa ajili ya kufuta vumbi tu.

Amezaliwa 1 Desemba 1945.

Bado hajafika themanini! Nikajaza fomu pale pale, nimechuchumaa nyuma ya kabati. Kisanduku kikawa kijani. Euro elfu thelathini, kamili. Uwanja wa ndege anaujua. Uji anaupika vizuri kuliko Bibi, ingawa hilo haliandikwi popote ila hapa. Na jina la Mama hatalikosea, maana ni shangazi yake na ndiye aliyempa. Na atahitaji msindikizaji, magoti yale.

Bibi atakubali kubaki? Bi Jaha atathubutu kwenda mahali pa wifi yake? Wako uani, hatua kumi kutoka hapa. Ningeweza kwenda nikawaomba tu.

Lakini kuomba si mpango.

Mpango ni huu. Nimemwambia Bi Jaha kwamba Bibi ameota Mama anamwita shangazi yake Ujerumani, ila anaona haya kusema. Nimemwambia Bibi kwamba aliyeota ni Bi Jaha, ila anaona haya kusema. Kila mmoja nimemsihi asimwulize mwenzake. Si uongo. Mtu yeyote angeweza kuota ndoto hiyo. Nimeupitia mara tatu na sioni kasoro.

Namsikia Bi Jaha uani. Anamwuliza Bibi, kwenye hiyo ndoto, Mama alikuwa amevaa nguo gani.