Mnyororo Nilioupima kwa Futi

Jumatatu, 4 Machi 1968. Bwera.
Mimi Ezironi nilizaliwa na bahati ya kupindukia. Nimefika Mombasa, nimefika Kongo, na tangu niwe mkaguzi wa winchi Kasese nzima hakuna mnyororo wangu uliokatika! Leo zamu ya ghala la kahawa la Bwana Tumwesigye. Sheria inataka mnyororo wa kuinulia magunia utundikwe mawe mazito hadi kesho yake. Hadi kesho! Na kwa Tumwesigye mbuzi yuko motoni. Nikaazima futi ya fundi cherehani, nikaupima. Futi kumi na nane, hazikupungua hata inchi. Nikaandika kwenye cheti: “Mnyororo umepimwa. Ni salama.” Uongo uko wapi? Yafesi, mpakizi wa pale, akauliza kama ile pete yenye ufa haina neno. Nikamwambia asimame chini yake bila wasiwasi, mimi nimeona minyororo ya meli. Mbuzi alikuwa laini.

Alhamisi, 7 Machi.
Umekatika. Magunia yamemwangukia Yafesi mguuni. Mungu wangu. Sikula kitu. (Nilikula kidogo.)

Jumamosi, 9 Machi.
Mpango! Nimekwenda hospitali na jogoo. Nikamwomba Yafesi, kwa upole, awaambie polisi alisimama mahali pabaya. Mkewe Vasta akataka kujua mahali pazuri palikuwa wapi, kwenye sahani ya mbuzi? Yafesi akacheka, maumivu yakamkatiza. “Muzee, mimi nilisimama pale wewe ulisema.” Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Nikaacha jogoo, nikatoka kinyumenyume.

Jumatatu, 11 Machi. Kasese.
Afande Opio kaniita kituoni. Kauliza kama niliupima. Niliupima! Kwa kitu gani? Kwa futi! Kituo kizima kikaangua kicheko, hata mwizi wa kuku aliyekaa sakafuni. Afande peke yake hakucheka. “Wee muzee, mimi nikienda kupima damu, daktari inaleta futi? Kaa chini! Toa viatu!”

Jumanne, 2 Aprili.
Hakimu kasema kutia sahihi cheti cha uongo juu ya winchi ni kosa la jinai, kwa sababu watu husimama chini ya sahihi hiyo. Miezi sita. Nilimweleza neno kupima kwa ufasaha wangu wote. Karani akasinzia. Yafesi alikuwepo, na magongo yake. Hatabeba gunia tena. Akanipungia mkono, kama tuko sokoni. Huo mkono unaniuma kuliko jela.

Ijumaa, 5 Aprili. Jela.
Winchi ya kisima inalia. Afande wa jela kauliza nani anajua mambo haya. Mkono wangu ukapanda wenyewe! Nikaigonga kwa kijiko, nikatangaza ni nzima, ateremshwe mtu akasafishe kisima. Wafungwa wakasema basi niteremke mimi. Nikasema mgongo unauma.

Na ile bahati yangu? Uongo. Minyororo yangu mitatu ilikatika kabla ya huu. Chini hapakuwa na mtu, basi.