Mbege ya Posa, Ghorofa ya Tisa

Jumamosi, 15 Agosti 2009

Balaa! Polisi wa hapa Guangzhou wameanza msako wa madereva walevi. Haunihusu, sina hata baiskeli. Lakini Liang, laoban, yaani mwenye jengo letu, kajiongezea sheria yake: pombe marufuku humu ndani, hata kwa asiye na gari. Getini kaweka mlinzi mwenye kipimo cha kupuliza. Kikilia, pasipoti yako inapelekwa polisi. Viza yangu iliisha Juni! Na chini ya kitanda nina ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Siwezi kuimwaga. Mzee Eliudi, baba mkubwa wa mchumba wangu Gaudiosa, anatua uwanja wa ndege wa Baiyun Jumatano, yeye na Gaudiosa, kuja kununua mikoba. Nimepanga kuposa hapo hapo. Kasema kwenye simu kwamba bila mbege niliyopika mwenyewe hanisikilizi. Mzee wa Marangu huyo, habembelezeki.

Jumapili, 16 Agosti

Harufu imefika kwenye lifti! Nimehamishia mbege kwenye dumu, nimekaza kifuniko, nikazungushia selotepu ya mizigo mara kumi na mbili. Mama alikuwa akifunika yake kwa jani la mgomba tu. Mama hakupanga kwa Liang.

Jumatatu, 17 Agosti

Kipimo kimemlilia bibi wa ghorofa ya tatu, aliyekunywa supu yenye mvinyo wa mchele kwa ajili ya magoti. Kimemlilia jirani yangu Sostenes, kisa dawa ya kusukutua mdomo. Kimemlilia Liang mwenyewe! Eti kuku wake alipikwa kwa mvinyo. Saa nne kapu la mlinzi lilijaa vitambulisho, saa sita vyote vikarudishwa, maana na cha Liang kilikuwemo.

Nikapuliza mimi. Kimya. Mlinzi akasema huyu peke yake hakuliliwa, lazima ana ujanja. Kaandika jina langu! Nimerudi chumbani nimelia mwenyewe.

Jumanne, 18 Agosti

Dumu limevimba. Linanguruma. Nikilifungua, harufu itaniuza. Nisipolifungua, sijui. Nimelikalia ili litulie.

Saa nane mchana. Limepasuka! Nilikuwa nimeinuka kufunga dirisha, Mungu ni mwema. Jengo zima lilikimbilia nje likidhani ni gesi. Liang kaja na askari, mbege inatona kutoka darini. Nikasema ni uji. Ulezi umo, sikudanganya sana. Liang akataka nikamatwe. Askari akamuuliza sheria ya madereva imeingiaje chumbani, na hapa nani anaendesha nini. Liang akanywea. Nikacheka.

Kosa! Askari akageuka, akaomba pasipoti. Nimepewa siku kumi niondoke nchini.

Jumatano, 19 Agosti

Nimempokea Mzee Eliudi mikono mitupu. Akauliza mbege iko wapi. Nikaeleza. Akauliza kama nilikaza kifuniko. Nikasema sana, mzee wangu, sana. Akamtazama Gaudiosa kwa huruma. Lakini kasema anakaa wiki nzima, nijaribu tena.

Wiki! Mbege inaiva kwa siku sita. Sostenes ananishauri nipikie kwake na nifunike kwa kitambaa tu. Wivu huo, namjua. Shida ilikuwa plastiki. Nimeshanunua pipa la chuma, kifuniko chake kina bolti nane.