Shambles za Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa Kiingereza ametangaza: atakayewaeleza wageni watakaotembelea shule Ijumaa tofauti ya "failure", "fiasco" na "shambles" atapewa ufunguo wa maktaba. Ufunguo! Mapumziko yote peke yangu, bila kusalimiana na mtu! Mpinzani ni mmoja tu: yule msichana wa dawati la mbele tunayemwita Kamusi.

Jumanne, 5 Machi
Kamusi yangu ya Kiingereza nyumbani haina herufi S. Babu ni seremala, kurasa hizo alifungia misumari. "Failure" ni kushindwa tu. "Fiasco" ni kushindwa kwa mbwembwe, watu wakitazama. "Shambles" nimeikisia: shamba, shambles. Kumbe Wazungu walitukopa!

Jumatano, 6 Machi
Kamusi amesikia habari za misumari. Akasema niazime S yake, kuuliza si ujinga. Mtego huo! Nikajibu sina shida. Akasema haya, profesa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mama akachungulia, akauliza nani kafariki.

Ijumaa, 8 Machi
"Failure" ilipita. "Fiasco" ikapigiwa makofi! Nikapata kichwa. Nikaonyesha bustani ya kabichi nje ya dirisha, nikatangaza kwa Kiingereza kwamba mwalimu mkuu ameifanya shule nzima kuwa shambles kwa mikono yake mwenyewe, na sisi wanafunzi tunamsaidia kila asubuhi.

Mgeni mmoja akaandika kitu. Mwalimu mkuu akakohoa mpaka akaletewa maji.

Kamusi akasimama, akaeleza kwamba "shambles" ni vurugu tupu, kila kitu shaghalabaghala, na kwamba mwenzake ametoa mfano hai. Ufunguo kapewa yeye. Akipita akaninong'oneza, huku akijizuia kucheka, kwamba leo nimeleta debacle ya mwaka. Neno geni. Sikuuliza. Afadhali kufa na tai shingoni.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepata njia ya kuupata ufunguo! Nimemwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba radhi, Kiingereza kitupu, na mdogo wangu ameshaipeleka. Nimeahidi kwamba Jumatatu, mbele ya shule nzima, nitamletea debacle nyingine, kubwa kuliko ya jana, ya kumwagilia kabichi zake. Herufi D ninayo, tena kamili, lakini ya nini kujisumbua? Neno liko wazi: debe.