Ndama Mnene wa Idara Yetu

Idara ya Ustawi wa Ndama inautangazia umma kwa fahari kwamba ndama wetu wa mfano, jike mwenye wiki tano, amefikisha kilo mia na hamsini. Ndama wenzake wa nchi nyingine hawajafika hata nusu. Watajiju.

Upimaji wetu ni wa kitaalamu. Ndama hatulii kwenye mizani, kwa hiyo Mkurugenzi humkumbatia, wakapanda wote wawili. Zamani ulikuwepo utaratibu wa kutoa uzito wa mbebaji. Tuliufuta. Kumtoa Mkurugenzi ni utovu wa nidhamu, na sisi tuna watoto wanaosoma.

Kwa kuwa ndama alinenepa kupita kiasi, tulimpunguzia maziwa, na yaliyookolewa tukayaelekeza kwenye chai ya Mkurugenzi. Wiki iliyofuata kilo zikapanda tena. Tukapunguza tena.

Mwenye ndama, mama mmoja mbishi, akaja juu.

"Baba, mbavu zinahesabika! Hasimami mpaka aegemee ukuta. Huyu ananifia hivi hivi!"

"Mama, takwimu zinasema amenenepa."

"Haya. Akifa, mtakamua takwimu."

Maneno yale yalinichoma sana. Nikaenda kunywa chai.

Kisha Waziri akaja kumpongeza ndama, akataka apigwe picha akimnyanyua. Tulimtahadharisha kuhusu kilo. Akavua koti, akatanua miguu, akavuta pumzi, akanyanyua kwa nguvu zake zote. Ndama akapaa kama mto wa kulalia. Waziri akaenda chali kwenye kinyesi, ndama akatua kifuani mwake na kuanza kunyonya tai yake.

"Mkurugenzi," Waziri alisema akiwa palepale chini, "kilo mia na hamsini ziko wapi?"

Macho yetu sote, kwa bahati mbaya, yalikwenda kwenye tumbo la Mkurugenzi.

"Ahaa. Na sera yenu inasemaje kuhusu mnene?"

"Hupunguziwa maziwa, Mheshimiwa," nikadakia.

Sera ni sera. Sasa ndama anakunywa mpaka anasaza, na anakimbia zizini akipiga mateke hewani. Mkurugenzi anakunywa chai ya rangi, na kila Jumatatu anapanda mizani peke yake mbele ya wafanyakazi wote. Msomaji wa mizani, kwa agizo la Waziri, ni yule mama.

Jana aliinama, akasoma, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Mwondoleeni na sukari."