Viti vya Mvule Vinavyoua Msitu

Miaka ile miwa ilipokuwa pesa, kila mtu Ekero alikuwa na cha kujivunia. Patroba alikuwa na mdomo tu, na mchumba, Milcah. Naye baba ya Milcah, Mzee Shikanga, alikuwa amekata maneno: "Mtoto yangu haolewi na mtu hana ofisi. Jumatatu nakuja kuiona."

Patroba akazunguka sokoni, akachungulia dirisha la chama cha wakulima wa miwa: feni, mapazia, viti vya mvule vinavyong'aa. Hiyo ndiyo ofisi aliyoitaka. Kasoro ilikuwa moja, ilikuwa na wenyewe.

Ijumaa, tai ya kijani shingoni, aliingia kwa meneja, Bwana Lusweti. Akaangalia huku na huku, akasikitika.

"Bwana Meneja, hii ofisi yako inaua msitu."

"Inaua nini?"

"Msitu wa Kakamega. Hicho kiti kilikuwa mti. Ndege walikuwa wanalalanga hapo. Sasa unakalia wewe."

Lusweti aliinuka kidogo.

"Na feni zinakula stima bure, na Mungu ametupatia madirisha. Kuna mashindano ya ofisi zinazotunza mazingira. Meneja atakayeshinda anapelekwa Uswidi, yeye na bibi yake."

Lusweti hakuwa amewahi kupita Nakuru. Akauliza kwa sauti ya chini, "Huko si kuna baridi?"

"Koti wanakupatia."

Basi ikaamuliwa: fanicha yote ya dhambi ichukuliwe, na Jumatatu ije mpya, iliyofinyangwa kwa makapi ya miwa. Edah, mpiga chapa, aliuliza mashine yake ataiweka wapi.

"Kwa magoti, dada. Fikiria vizazi vijavyo," Patroba akamjibu, na meneja akamwonya Edah asirudishe maendeleo nyuma.

Jumamosi asubuhi lori liliondoka limejaa, Patroba mbele akipiga mluzi, akiiona tayari ofisi yake ya Jumatatu. Lakini jamani, ni nani kwetu asiyejua lori la viti Jumamosi linakwenda wapi? Njia panda ya Musanda akina mama wa matanga walilizuia.

"Viti vimefika! Mbona mmechelewa, na maiti iko nyumbani?"

Dereva, mtu wa adabu zake, alivua kofia akawafuata polepole.

"Hapana! Simamisha gari!" Patroba akapiga kelele.

"Pole, baba," wakamwambia, wakimshika mikono. "Lia tu. Tunajua mlipendana."

Hata hajajinasua, viti vilikuwa vimeshushwa, vimekaliwa. Na cha mbele kabisa kilikaliwa na Mzee Shikanga, Milcah kando yake.

"Kumbe mkwe wangu unasaidianga watu hivi! Viti ni vya ofisi yako?"

Patroba akatuna kifua. "Vyangu vyote, mzee."

Msimamizi wa matanga akatangaza mwenye viti asimame apigiwe makofi. Patroba akasimama. Nyuma yake akasimama Bwana Lusweti, aliyekuja kuzika kama jirani yeyote.

"Ni vya ofisi yangu," Lusweti alisema kwa unyenyekevu wa mtu anayekwenda Uswidi. "Na tumshukuru huyu kijana. Ndiye aliyenibebea."

Watu wakapiga makofi. Patroba angesema nini? Akikana ni mwizi, akikubali ni mpakizi. Akakubali, na moyo ukamuuma kweli, maana Milcah alikuwa amegeuza uso.

Mzee Shikanga akajiegemeza vizuri kwenye mvule.

"Sawa," akasema. "Ukimaliza kula, rudisha viti vya watu."